Naombeni ushauri: V = IR naijua kwa kichwa, lakini saketi yangu inanibishia

Njiti_Moja:
Wakuu, habari za saa hizi. Nisaidieni kabla sijavitupa hivi vidude dirishani. Najifunza saketi mwenyewe, na V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) naweza kuitaja hata ukiniamsha usiku wa manane. Shida inaanza nikishika waya.

Nina betri ya volti 9, LED (kile kitaa kidogo) nyekundu moja na rezista (kidude cha kubana mkondo) ya ohmu 470 (rangi zake njano, zambarau, kahawia, mwisho mstari wa dhahabu). Vyote vimefuatana kwenye njia moja. Nikapiga hesabu: 9 gawanya kwa 470, napata kama miliampea 19. Multimita, kile kipimaji cha umeme, inasema 14.5. Nimerudia mara tatu, ni 14.5 ileile. Miliampea nne na nusu zimeenda wapi?

La pili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. V = IR inaniambia volti zikipanda, mkondo nao unapanda. Halafu nasoma kwamba umeme wa masafa marefu hupandishwa volti ili mkondo upungue, kwa sababu P = VI (wati ni volti mara mkondo). Sasa nishike lipi?

Msiniambie nitoe rezista. Nilishaiunga LED moja kwa moja kwenye betri, ikamulika kama kimondo na ndiyo ikawa kwaheri yake.

Kata_ya_Maji:
Pole mkuu. Chukulia tangi la maji lililo juu. Urefu wa tangi kutoka chini ndio volti, maji yanayopita kwenye bomba kwa sekunde ndio mkondo, na wembamba wa bomba ndio ukinzani. Inua tangi, maji yanaongezeka. Banabana bomba, yanapungua. Basi, umemaliza.

WayaUchi:
Kata_ya_Maji, mfano wako unafaa siku ya kwanza tu. Ukikata bomba maji yanamwagika sakafuni. Ukikata waya mkondo unakoma saketi nzima. Na hapo hujamjibu swali hata moja.

Njiti_Moja, hesabu yako ya kugawanya haina kosa. Ulichokosea ni V uliyoiweka. Acha saketi ikiwaka, weka multimita kwenye volti za DC, kisha pima sehemu tatu: miguu ya betri, miguu ya LED, miguu ya rezista. Lete namba hapa.

Njiti_Moja:
Nimerudi, ila kwa aibu. Ncha nyekundu ilikuwa bado kwenye tundu la miliampea nikaigusisha kwenye betri. Nikasikia *tik*. Nadhani fyuzi ya ndani imekwenda.

Volti lakini bado inapima. Betri 8.8, LED 2.0, rezista 6.8.

WayaUchi:
Fyuzi imekwenda, ndiyo, na yenyewe ni somo. Multimita ikiwa kwenye ampea, ukinzani wake ni mdogo sana, kwa sababu inatakiwa ikae ndani ya njia bila kuusumbua mkondo. Ukiiweka kukatiza betri umeweka kipande cha waya mtupu. Volti 9 gawanya kwa kitu kinachokaribia sifuri, malizia mwenyewe. Ikiwa kwenye volti ni kinyume: ukinzani wake ni mkubwa mno, mara nyingi megaohmu 10, ndiyo maana unaweza kuigusisha popote kwenye saketi kama hiyo na isiharibike kitu.

Sasa tazama namba zako. 2.0 na 6.8 ni 8.8, yaani volti zote za betri zimegawanywa, hakuna iliyopotea. Rezista imepewa 6.8 tu. 6.8 gawanya kwa 470?

Njiti_Moja:
0.01447. Miliampea 14.5!! Aisee.

WayaUchi:
Ndiyo hiyo. Kila ukiandika V, jiulize kwanza: ni V ya nani? Kati ya nukta ipi na ipi? Ukichukua R ya rezista, basi V iwe ya rezista hiyohiyo na I ipite humohumo. Wewe ulichukua V ya betri ukaiozesha kwa R ya rezista.

Na betri kusoma 8.8 badala ya 9 usiishangae. Ina ukinzani wake tumboni. Ukiipa kazi, volti kidogo zinaishia ndani kwa ndani. Hata Georg Ohm mwenyewe betri za zama zake zilimsumbua, zilikuwa zinachoka katikati ya kipimo. Akaziacha, akatumia viungo vya shaba na bismuthi, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, apate volti ndogo isiyoyumba. Matokeo ya vipimo hivyo aliyachapisha mwaka 1826.

Bibi_Transfoma:
Mwanangu Njiti, hilo swali la pili niachie mimi, nimelijibu maisha yangu yote.

Tuseme kuna mzigo unaohitaji wati 1000, na waya wa kuufikia, kwenda na kurudi, una ukinzani wa ohmu 1. Ukiufikishia umeme kwa volti 100, lazima upite mkondo wa ampea 10. Ampea 10 zikipita kwenye ohmu 1 zinaacha volti 10 njiani, na 10 mara 10 ni wati 100 zinazopasha waya moto bure. Ukiufikishia kwa volti 1000, mkondo ni ampea 1. Njiani inabaki volti 1, na hasara ni wati 1.

Umeona? V = IR haijavunjwa mahali. Kwa waya, V yake ni ile 10 au ile 1 inayobaki njiani. 100 na 1000 ni V za mzigo. Na mzigo wenyewe si uleule: wa kwanza una ohmu 10, wa pili ohmu 1000. Ungeuchukua ule wa ohmu 10 ukauchomeka kwenye volti 1000, mkondo ungepanda hadi ampea 100, wati laki moja, na sote tungekimbia. P = VI inasema mkondo unashuka pale tu ambapo wati umezifunga zisibadilike.

Njiti_Moja:
Bibi, shikamoo. Nimesoma mara mbili na kalamu mkononi, imeingia.

Bibi_Transfoma:
Marahaba.

Mdadisi_Usiku:
Naomba nidandie uzi. Nina balbu ya gari ya volti 12, wati 21. Nimeipima ohmu ikiwa mezani, 0.6. 12 gawanya kwa 0.6 ni ampea 20! Mbona fyuzi haikatiki?

WayaUchi:
Uliipima ikiwa baridi. Wati 21 kwa volti 12 ni ampea 1.75, yaani ikiwaka ukinzani wake ni karibu ohmu 7. Uzi wa tungsteni ukipata moto mweupe, ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Ule mkondo mkubwa upo kweli, ila ni wa kufumba na kufumbua, fyuzi haipati muda wa kuyeyuka. Balbu za aina hiyo hupenda kufa pale pale unapobonyeza swichi, sababu mojawapo ni hiyo.

Kata_ya_Maji:
Na betri ya gari, inayotoa mamia ya ampea, mbona nikiishika haininasi?

WayaUchi:
Haikupi mamia ya ampea, *inaweza* kuyatoa kwa atakayeyavuta. Ngozi kavu ina maelfu ya ohmu, volti 12 hazisukumi kitu cha maana hapo. Weka spana ya chuma badala ya mkono, hapo utaona moto. Umeme wa ukutani usiujaribu kwa hesabu hii, na ngozi ikilowa ukinzani wake unaporomoka.

Njiti_Moja:
Nimeweka fyuzi mpya, nikabadilisha rezista kuwa ya ohmu 1000. Safari hii nimekisia kabla ya kupima: LED itachukua 2 kama jana, rezista 6.9, mkondo 6.9. Nimepata betri 8.9, LED 1.9, rezista 7.0, mkondo miliampea 7.0.

Kilichonishangaza ni LED. Mkondo umepungua zaidi ya nusu, yenyewe imeshuka volti 0.1 tu. Kwa V = IR si ilitakiwa ishuke hadi kama volti 1?

WayaUchi:
Ingekuwa rezista, ndiyo. LED haifuati mstari ulionyooka: ikishafika karibu na volti zake, ukiongeza kidogo sana mkondo unaruka. Ndiyo maana ile ya kwanza ilikufa. Betri ilikuwa na volti 9, yenyewe inataka 2, na hapakuwa na wa kubeba hizo 7.

Njiti_Moja:
Kumbe yule marehemu nilimuua kwa volti 7 zilizokosa pa kukaa. Ngoja nijaribu mbili kwa mfuatano kwenye ohmu 470. Nakisia LED 4, rezista 4.8, mkondo kama 10. Nikirudi kimya mjue ni fyuzi tena.