Nichague nani: Tancredi, Manfredi au Sforza? (tamthilia, naomba ushauri)

Jembe_Butu (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Nina kazi ya kuandika tamthilia kuhusu mtoto wa nje ya ndoa aliyepigania utawala Italia ya zama za kati. Nimebaki na watatu: Tancredi wa Lecce, Manfredi wa Sisilia na Francesco Sforza wa Milano. Jumatatu natakiwa kupeleka jina moja. Yupi anabeba jukwaa? Naomba sababu, msitaje jina mkaondoka.

Bahari_Kuu
Manfredi. Uzi ufungwe.

Kibatari
Usifungwe kitu. Jembe, dakika ngapi? Waigizaji wangapi, na wanawake ni wangapi? Watazamaji ni watoto au watu wazima? Unaomba fundi akukatie nguo bila kusema anayevaa ni nani.

Nahodha_Nchi_Kavu
Kwa vyovyote vile, Tancredi. Novemba 1189 mfalme William II wa Sisilia anafariki, hana mtoto. Mrithi ni shangazi yake Costanza, na makabaila walishamwapia, ila mumewe ni Heinrich, mwana wa Kaisari wa Ujerumani. Palermo hawamtaki Mjerumani. Matteo wa Ajello, mtu mzito wa ofisi ya mfalme, anamnyanyua Tancredi, mjukuu wa Ruggero II aliyezaliwa nje ya ndoa, na Januari 1190 anavishwa taji.

Miezi minane baadaye Richard, mfalme wa Uingereza, anatia nanga Messina akielekea vita vya msalaba. Dada yake Joan ndiye mjane wa William, na Tancredi amemzuia yeye na mali yake. Oktoba 4 Richard anauteka mji. Tancredi analipa wakia 40,000 za dhahabu: 20,000 haki ya Joan, na 20,000 mahari ya binti yake aliyeposwa kwa Arthur, mpwa wa Richard.

1191 Heinrich, sasa Kaisari, anaizingira Napoli. Maradhi yanakula jeshi lake, anaondoka. Costanza kaachwa Salerno, wenyeji wanamkamata na kumkabidhi kwa Tancredi. Karata dume hiyo! Naye anaitoa: mwaka uliofuata anampeleka kwa Papa Selestini III ili naye atambuliwe kuwa mfalme, na njiani askari wa Kaisari wanamchukua mama yao. Tamthilia yako ni hapo, kwenye uamuzi wa kumwachia.

Kibatari
Na usisahau mwisho. Tancredi kafariki Februari 1194, mwanawe mkubwa akiwa amemtangulia kwa miezi miwili. Heinrich akarudi na jeshi lililolipwa kwa fedha za fidia ya kumkomboa Richard huyohuyo, aliyekuwa mateka wake. Siku ya Krismasi anavishwa taji Palermo.

Jembe_Butu
Samahani, nilisahau. Dakika 50. Waigizaji 7, wanawake 3. Ukumbi wa shule ya sekondari, taa nne, hakuna pazia.

Kibatari
Ungesema mapema. Wanawake 3: Tancredi ana Costanza, Joan na mkewe Sibilla, wote wenye uzito. Sforza ana Bianca Maria Visconti, basi. Manfredi ana Elena, mkewe, na binti Costanza (mwingine huyo, msije mkawachanganya kwenye mabango).

Bahari_Kuu
Mnahesabu vichwa kama mnagawa sahani za pilau. Naeleza Manfredi anavyoanguka, halafu mniambie nani anamfikia.

Baba yake, Federico II, Kaisari na mfalme wa Sisilia, anafariki Desemba 1250, anamwachia Taranto na uangalizi wa ufalme mpaka kaka yake halali Conrad afike. Conrad naye anakufa 1254, mwanawe Conradin yuko Ujerumani, mtoto wa miaka miwili. Papa anadai ufalme ni wake. Manfredi anakimbilia Lucera, mji wa Waislamu ambao baba yake aliwahamisha kutoka Sisilia. Huko kuna hazina na wapiga mishale. Mwezi mmoja tu baadaye amelipiga jeshi la Papa karibu na Foggia. Agosti 1258 inavuma kwamba Conradin kafa, naye anajivika taji Palermo. Conradin alikuwa hai.

Sasa Benevento, Februari 26, 1266. Charles wa Anjou, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, kaja na baraka za Papa. Jeshi lake limechoka, chakula kinaisha. Manfredi angekaa tu ng'ambo ya mto Calore, njaa ingemfanyia kazi. Badala yake anavuka daraja, moja tu, jembamba. Kosa la kwanza. Wapiga mishale Waislamu wanatangulia bila amri, wanawatawanya askari wa miguu wa Charles, kisha farasi wa Wafaransa wanawakanyaga. Wapanda farasi Wajerumani, kama 1,200, wanaingia kabla kikosi cha pili hakijafika. Kosa la pili: vikosi vinaingia kimoja kimoja, kila kimoja kinapambana na jeshi zima. Wajerumani walivaa mabamba ya chuma, panga hazipenyi, mpaka Wafaransa wakagundua kwamba mkono ukiinuliwa kupiga, kwapa liko wazi. Wakaanza kuchoma kwa ncha. Kikosi cha tatu, makabaila wa ufalme wake mwenyewe, kikageuza farasi kikaondoka. Manfredi akabadilishana vazi la kifalme na rafiki yake Tebaldo Annibaldi, akaingia, akafa. Maiti ilitambuliwa baada ya siku kadhaa. Kwa kuwa alitengwa na Kanisa hakupewa maziko ya Kikristo. Askari wa adui, mmoja mmoja, wakaweka jiwe juu yake.

Jukwaani huhitaji farasi. Weka vazi moja na mawe saba.

Mzee_wa_Daftari
Maneno mazuri, ila huyo ni mtu aliyeshindwa. Swali ni kupigania utawala, na mwenye kuupata ni Sforza. Hakuwa na damu ya kifalme. Baba yake Muzio alikuwa kamanda wa kukodiwa, akazama mto Pescara 1424. Francesco akarithi askari.

Mfahamu kazi yenyewe. Mji unakuandikia mkataba: idadi ya mikuki (mkuki mmoja ni watu watatu: mpiganaji, msaidizi, kijana wa farasi), miezi kadhaa ya lazima, miezi ya hiari ya mwajiri, na fedha ya awali ya kuvalisha askari. Mwajiri akichelewesha malipo, askari wanahama na kamanda anabaki na jina tu. Ndiyo maana Sforza alitaka ardhi. 1441 anamwoa Bianca Maria, binti wa pekee wa mtawala wa Milano (naye wa nje ya ndoa!), na Cremona inakuja kama mahari. Mkwe anakufa Agosti 1447, Milano wanatangaza jamhuri na kumwajiri huyohuyo Sforza. Septemba 1448 anawapiga Venezia kule Caravaggio. Mwezi uliofuata anasaini na Venezia dhidi ya Milano. Kisha anafunga njia za nafaka. Februari 1450 watu wanakula farasi na paka, wanaasi, naye anaingia na askari waliobeba mikate.

Nahodha_Nchi_Kavu
1450 si zama za kati, mzee. Hiyo tayari ni enzi nyingine.

Mzee_wa_Daftari
Njaa ya Milano haikuuliza enzi.

Suria_Si_Haramu
Naingilia kidogo. Kwenye mabango msiandike "mwana haramu". Watazamaji wa pwani watawapotea. Zanzibar Majid na Barghash wote mama zao walikuwa masuria, na wote walitawala, kwa sababu mtoto wa suria ambaye baba kamkubali ni halali sawa na wengine. Kwa Kanisa la Roma, Manfredi hakuwa hivyo. Kila Papa aliyemchukia alianzia kwenye kitanda cha mama yake.

Bahari_Kuu
Inasemekana Federico alimwoa Bianca Lancia, mama yake Manfredi, huyo mama akiwa mgonjwa kitandani.

Suria_Si_Haramu
Inasemekana. Na Papa hakuikubali.

Nahodha_Nchi_Kavu
Lakini Papa Selestini alimkubali Tancredi, mwana wa nje kabisa! Hoja haikuwa kitanda. Papa hakutaka mtu mmoja ashike Ujerumani na Sisilia, Roma ikabanwa katikati. Anayefaa ni halali, asiyefaa ni haramu.

Mzee_wa_Daftari
Na Sforza hakupewa hati ya kutambuliwa na Kaisari mpaka anakufa 1466. Alitawala miaka 16 hivyohivyo.

Pilipili_Hoho
Mmemsahau Federico wa Montefeltro. 1444 ndugu yake wa baba, Oddantonio, anauawa Urbino, yeye anafika upesi mno, na wananchi wanamfungulia lango baada ya kukubali masharti yao kwa maandishi. Jicho la kulia alilipoteza kwenye mashindano ya mikuki. Kitambaa kimoja cha jicho, vazi limekamilika.

Kibatari
Mtu kasema watatu, unamletea wa nne.

Jembe_Butu
Huyo wa jicho sikumjua. Oddantonio aliuawa kwa amri yake?

Pilipili_Hoho
Haijathibitishwa. Ndiyo raha yake.

Bahari_Kuu
Vazi na mawe saba, Jembe.

Kibatari
Jembe, hizo dakika 50 ni pamoja na hotuba ya mgeni rasmi?