Homa ya matumbo ya binti yangu imerudi mara ya tatu, nifanyeje?

MamaTunu_Pipeline
Hamjambo wanajamvi. Binti yangu ana miaka 9. Tangu Januari ametibiwa homa ya matumbo mara mbili, na juzi homa imerudi. Kila mara anapimwa damu kwa kipimo cha Widal, tunaambiwa anayo, tunanunua dawa kwa kemisti: kwanza amoksisilini, kisha siprofloksasini. Akichangamka siku ya tatu nilikuwa namwachisha, zinazobaki naziweka akiba. Hadi leo kuna sita kwenye kopo la majani chai. Sasa mwenye kemisti anasema mwili wake umezoea dawa, achomwe sindano. Jana nilimkanda kwa kitambaa cha maji hadi saa tisa usiku. Nisaidieni.

BabaPacha
Pole dadangu. Mpeleke achomwe tu, mpwa wangu alipona hivyo.

Wa_Maabara
BabaPacha, pole pole. Mama, mwili wa mtoto haujazoea dawa. Wanaozizoea ni bakteria: dozi ikikatwa njiani, waliosalia huzaana. Na Widal haiwaoni bakteria, inaona kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana nao, na hizo hubaki damuni muda mrefu hata baada ya kupona. Huenda safari hii si homa ya matumbo kabisa. Malaria amepimwa?

Omba damu yake ioteshwe maabara kuona kama bakteria watakua, itolewe kabla hajameza wala kuchomwa chochote kipya. Bakteria wakiota tunawatandaza kwenye sahani, tunaweka vidoto vya karatasi vyenye dawa. Dawa inayowaweza huzungukwa na duara tupu. Isiyowaweza, wanaota hadi ukingoni mwa karatasi. Nimeshika sahani ambayo ampisilini, septrini na kloramfeniko hazikuacha duara hata moja, na bakteria sugu wa namna hiyo wako Nairobi miaka mingi. Majibu huchukua siku kadhaa. Lakini akitapika kila kitu, akiweweseka au tumbo likiwa gumu, kimbilia hospitali usiku huohuo. Daktari ataanza dawa damu ikishatolewa.

Shosho_Kayole
Mjukuu wangu aliugua hivyohivyo. Maji yalikuwa ya mkokoteni, na mtungi haujasuguliwa ndani sijui tangu lini. Chemsha, mwanangu, hata ya kupigia mswaki. Je, alipata ile chanjo ya homa ya matumbo iliyoanza Julai 2025, ya watoto wa miezi 9 hadi miaka 14?

MamaTunu_Pipeline
Asanteni sana. Shosho, chanjo ilipokuja tulikuwa ushago, hakuipata. Asubuhi tumekwenda hospitali. Malaria hana. Damu imetolewa mkononi, chupa mbili, nirudi Ijumaa. Zile sita nimemkabidhi mfamasia wa pale.

Daktari aliuliza maji tunachota wapi, na kama kuna mwingine anayeumwa plotini. Sikuwa nimewaza. Kumbe mlango wa tatu kuna kijana ana homa siku ya nne, na mamake ameshanunua kapsuli. Naenda kumgongea sasa hivi.