Naomba ushauri: kuwapeleka form three chekechea wajifunze malezi

Habarini wadau, mi ni ticha wa sekondari hapa Moshi, nina form three wanaotaka kusomea ualimu wa chekechea, nimeongea na daycare moja Majengo wako tayari kutupokea Ijumaa. Shida watoto wa miaka mitatu minne wakiona kundi la kaka na dada linaingia kwa mpigo nusu wanaangua kilio, na wangu nao, hasa wavulana, wanabaki pembeni wanachekana tu. Nawaza waende wawiliwawili, kila mmoja amfuatilie mtoto mmoja aandike anachezea nini, uji anakunywaje, akinyang'anywa kitu anafanyaje. Kupeleka watoto chooni na kupiga picha nimekataza kabisa. Wazazi wa pande zote niwaandikie barua au kikao kinatosha? Na hao wavulana niwape kazi gani jamani?