Transfoma ya vyuma chakavu ina nyaya nane, upi ni wa umeme wa ukutani?

Mpiga Kinanda, Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaunguza kitu. Amplifaya ya kwaya yetu hapa Dodoma imeungua transfoma. Tulipoifungua vanishi ilikuwa imebabuka, na ile harufu haijaisha mpaka leo. Mpya hatuimudu, na sikukuu ya mavuno inakaribia, wageni watatoka Chamwino na Bahi. Nikapata moja nzito kwa muuza vyuma chakavu. Lebo yake ya karatasi imechakaa, haisomeki hata namba moja. Upande mmoja zimetoka nyaya tatu: nyeusi, kijani na nyeupe. Upande wa pili kuna njano mbili nene, nyekundu nene katikati yake, na buluu mbili nyembamba. Aliyeniuzia anasema umeme uingie kwa nyeusi na kijani, eti nyeupe ni ethi. Moyo unasita. Malti mita ninayo. Nianzie wapi?

Fundi Kizota
Mkuu, usichomeke. Rangi za transfoma kuukuu usiziamini, viwanda havikufuata utaratibu mmoja. Weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa waya), kipimo cha chini kabisa. Gusanisha ncha zake zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi, hiyo utaitoa kila mara. Kisha pima kila waya na kila mwenzake, uandike. Zinazosomana ni za koili moja, yaani waya mmoja uliozungushwa. Koili ya ukutani ina mizunguko mingi ya waya mwembamba, kwa hiyo omu zake ni nyingi. Za kutolea huwa karibu na sifuri. Wakati wa kupima usishike chuma cha ncha kwa vidole: unapoziachanisha, koili kubwa inarusha hata kwa betri ndogo ya mita. Halafu pima kila waya na chuma cha transfoma kwenye kipimo cha juu kabisa. Ikisoma chochote, irudishe.

Mpiga Kinanda, Nkuhungu
Nimepima, asante sana. Ncha zenyewe 0.3. Nyeusi na kijani 9.3, kijani na nyeupe 11.3, nyeusi na nyeupe 20.3. Njano na nyekundu 0.7, njano ya pili na nyekundu 0.7, njano kwa njano 1.1. Buluu 1.8. Kwenye chuma hakuna waya unaosoma.

Binti wa Mpwapwa
Kaka, mshukuru Mungu hukumsikiliza yule muuzaji. Waya wa ethi ungesoma na chuma, usingesoma na nyaya nyingine. Huo mweupe ni mwisho wa koili. Toa ile 0.3 yako: 9 na 11 zinatoa 20. Hiyo ni koili moja yenye mguu katikati, yaani waya uliotolewa katikati yake, kwa kila dalili volti 0, 110 na 220. Nusu ya nje inasoma zaidi kidogo kwa sababu mizunguko yake ni mipana, waya unakuwa mrefu. Ungepeleka 230 kwenye nyeusi na kijani, chuma kingeshiba sumaku, umeme ungevutwa kupita kiasi na koili ingeungua. Umeme wako uingie nyeusi na nyeupe. Nyekundu ndiyo katikati ya njano mbili, 0.4 kila upande.

Ila usiende ukutani bado. Tafuta transfoma ndogo unayoijua, ya volti 12, uipeleke hiyo 12 kwenye nyeusi na nyeupe, kisha upime volti za AC za huku kwingine. Narudia, kwenye nyeusi na nyeupe! Ukikosea ukaipeleka kwenye buluu, upande wa pili unaweza kutoa volti za ukutani mkononi mwako.

Mpiga Kinanda, Nkuhungu
Dada, ubarikiwe. Transfoma ndogo inatoa 13.4 ikiwa haina mzigo. Njano kwa njano nimepata 3.5, nyekundu na kila njano 1.75, buluu 0.75.

Fundi Kizota
Gawanya 3.5 kwa 13.4, zidisha kwa 230: unapata 60. Hiyo ni 30-0-30, yaani volti 30 kila upande wa nyekundu, na buluu ni kama 13. Kapasita kubwa za amplifaya yako zimeandikwa volti ngapi? Maana 30 ikipita kwenye daiodi inapanda hadi kama 42 kila upande, na umeme ukifika 250 inakuwa 46.

Mpiga Kinanda, Nkuhungu
Zimeandikwa 50V. Na ulimi wa kati wa chuma una upana wa sentimita 4, unene wa rundo la mabati 5.

Fundi Kizota
Basi zinabeba. Chuma cha sentimita za mraba 20 kinatoa kama VA 300, yaani nguvu ya karibu wati 300. Sasa ichomeke ukutani ikiwa peke yake, kupitia balbu ya wati 60 kwa siriz (umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye transfoma), ya utambi, siyo LED. Dukani zimeadimika, ulizia kwa wafugaji, wanazo za kulelea vifaranga, hata ya wati 100 inafaa. Nyaya zote za kutolea zikae mbalimbali. Balbu ikimulika mara moja na kuzima, ni nzima. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti.

Mpiga Kinanda, Nkuhungu
Nimeazima balbu kwa mama jirani mwenye vifaranga. Imemulika kama kufumba jicho, kisha utambi ukabaki mwekundu kwa mbali sana, nikalazimika kuufunika kwa kiganja ndipo nikauona. Nimeiacha saa nzima, chuma ni vuguvugu tu, haiungurumi.

Binti wa Mpwapwa
Wekundu hafifu hivyo ni wa kawaida, transfoma inakunywa kidogo hata bila mzigo. Weka fyuzi ya ampea 2 ya taratibu kwenye waya wa moto. Na ule wa kijani usiuache wazi ndani ya boksi kwa kuwa hauna kazi: ukishawasha una volti mia na ushei. Uvishe mpira wa kusinyaa kwa joto, uufunge pembeni peke yake.