Tupeane uzoefu: mbu wa kwenu anauma saa ngapi?

Wakuu, habari za jioni. Niko bonde la Kilombero, mkulima wa mpunga. Chandarua nakichomekea hadi chini ya godoro, lakini msimu uliopita malaria imenilaza mara mbili. Nikajikagua: kitandani naingia saa nne. Toka saa kumi na mbili na nusu niko uani, kaptula, nasubiri ugali. Nyie mnaumiwa wapi, na saa ngapi?

Mjukuu wa Bibi
Msibani. Siku tatu wanaume tunalala nje juu ya mikeka. Wiki mbili baadaye nusu ya ukoo foleni zahanati, na wengine wakaanza kumtafuta mchawi.

Kwelea
Wakati wa kuamia ndege. Familia inahamia shamba, unalala dunguni, chandarua kimebaki kijijini kimening'inia juu ya kitanda kitupu.

Kigoda
Mleta mada, niliwahi kufanya kibarua cha kukamata mbu wa utafiti, Ifakara hukohuko bondeni. Unakaa kwenye kigoda, suruali umeikunja hadi magotini, tochi mkononi, mrija mdomoni. Akitua tu mguuni, unamvuta kabla hajauma, unampulizia kwenye kikombe kilichofunikwa neti. Kila saa na kikombe chake. (Tulimezeshwa dawa ya kinga kwanza, msije mkajaribu nyumbani.)

Mmoja anakaa ndani, mwenzake nje. Jioni wa nje hapumui, vikombe vyake vinajaa. Wengi ni mbu aina ya arabiensisi, hao hata ng'ombe wanamnyonya. Mimi wa ndani nasinzia. Ikishapita saa sita usiku, zamu yangu: wanaingia mbu wa aina nyingine, wadogo, weusi, wanaitwa funestasi. Ni wachache, lakini tuliambiwa malaria nyingi ya bondeni kwetu wanaibeba wao. Wakishiba wanatua ukutani, ndiyo maana dawa ya kupuliza ukutani inawapata. Yule arabiensisi wa uani akishiba anaondoka zake.

Mleta mada
Kwa hiyo chandarua nisikitupe?

Kigoda
Ukitupe uwaachie wale weusi? Kibaki, na ukikifua kianike kivulini, jua linaua dawa. Ila hakiwezi kukufuata uani.

Wa Mjini
Mimi Dar, ananiuma saa nne asubuhi ofisini, miguu ina madoa meupe.

Kigoda
Huyo ni mbu anaitwa edisi, wa homa ya dengi. Malaria hana. Kaangalie maji kwenye matairi na ndoo hapo nyuma.

Mzee wa Kibanda Umiza
Mechi za Ulaya zinaanza saa nne au saa tano usiku, tunatoka saa sita zimepita. Siku hizi naenda na suruali ndefu na soksi. Vijana wananicheka, lakini wao ndio wanaoomba hela ya mseto, dawa ya malaria, kila mwezi.

Mleta mada
Nimeanza leo, soksi na suruali uani. Mke wangu kaniuliza nasafiri kwenda wapi.