Tuliokulia kota za jeshi Tanga, tupeane uzoefu

Mtoto wa Kota

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikuwa kwenye daladala ya Sahare, mama mmoja wa makamo akanisikia naongea na simu. Nilipokata akaniuliza, "Mwanangu, kwenu wapi?" Nilikwama. Baba ni Mngoni wa Songea, mama ni Mbondei wa Muheza, mimi nimezaliwa Bombo na nimekulia kota. Nikamjibu, "Kota, mama." Akasema, "Kota ni kwa serikali, baba. Nakuuliza kwenu." Nikashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Tangu siku hiyo kota hainitoki kichwani. Nimezaliwa Machi 1979, baba akiwa Uganda. Mwalimu alipotangaza vita Novemba 1978 mama alikuwa na mimba yangu, na baba aliporudi alinikuta natembea. Mama husimulia kwamba nilimkimbia nikajificha nyuma ya mtungi, na yule mwanamume mwenye magwanda akakaa chini sakafuni na buti zake, akasubiri mpaka nilipotoka mwenyewe.

Kota hatukuhitaji saa. Asubuhi tarumbeta, jioni tarumbeta. Bendera ikishushwa kila kitu kilisimama, hata sisi kwenye chandimu. Mpira ungeweza kubingirika hadi mtaroni na hakuna aliyeufuata mpaka tarumbeta imalizike. Watoto wa Ngamiani waliokuja kucheza na sisi walidhani tumerogwa. Mara ya pili wakasimama nao.

Kambi sitaitaja, wenyewe mnajua. Waliokulia kota, iwe Tanga mjini, Maramba au Mgambo, leteni yenu.

Dada wa Mstari wa Pili

Umenikumbusha mbali sana, kaka.

Mimi nakumbuka akina mama. Mlango wa kwanza Mkurya, wa pili Mmakonde, wa tatu Mhehe, wa nne sisi Wadigo wa hapahapa. Baba zetu wakiwa mazoezini hata mwezi mzima, ile safu yote ilikuwa nyumba moja. Ukitukana, anakuchapa aliyekusikia, kisha anakupeleka kwa mama yako akaeleze, na mama anashukuru. Nilijifunza kusonga ugali wa mtama kwa Mkurya kabla sijajua kukuna nazi. Na kulikuwa na mama mmoja upande wa pili wa bomba, akipika samaki wa nazi harufu inafika getini. Watoto tulikuwa tunajipitisha pale makusudi, tunaamkia mara tatu, mpaka atuite.

Halafu duka la jeshi. Wadogo hamtaelewa. Miaka ya themanini mwanzoni sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na ukikutwa na vitu vingi ndani unaitwa mlanguzi. Sisi dukani kwetu tulipata kwa mgao, na kuuza nje ilikuwa marufuku kabisa. Bibi yangu Duga hakuwa na sabuni. Mama aliweka kipande cha mche chini ya vitumbua kwenye kikapu, akanituma. Nilipita getini moyo unadunda, askari wa lindo akafunua kitambaa, akachukua kitumbua kimoja, akakifunika. Naamini aliiona ile sabuni. Bibi aliikata kwa uzi vipande vinne akagawia majirani watatu.

Kijana wa Maramba

Sisi wa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Maramba iko chini ya milima ya Usambara, asubuhi ukungu umelala kwenye mashamba huoni mtu, unasikia tu mchakamchaka unakuja. Kwanza nyimbo, kisha miguu, halafu vichwa vinatokea kwenye ukungu. Nilikuwa natoka kitandani mbio kusimama barazani.

Kuruta wakifika walikuwa wanalia usiku. Hilo watu hawalisemi. Wengine wametoka shule moja kwa moja, hawajawahi kushika jembe. Sisi watoto tulikuwa tunawapenyezea maembe na mihogo ya kuchemsha penye uwazi wa michongoma, tukikamatwa tunakula fimbo. Baada ya miezi walewale wanatembea vifua mbele, hawatutazami hata machoni kwa sababu wako kwenye gwaride, lakini dada mmoja siku ya kumaliza mafunzo alitoka kwenye mstari wa wageni akaja kunipa soksi zake mpya. Mujibu wa sheria, yale mafunzo ya lazima ya JKT kwa vijana waliomaliza shule, iliposimama 1994 kambi ilipwaya. Tulizoea kelele.

Kabuku

Wa Mgambo nipo. Timu yetu ya Mgambo JKT ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2012/13, nyumbani kwetu ikawa Mkwakwani. Watu waliokuwa wanalala mlango wa jirani yako, unakutana nao bombani, leo wanacheza na Simba na Yanga mbele ya mji mzima. Sijawahi kupiga kelele vile tena maishani.

Chumbageni

Mimi nina moja tu na sijawahi kumsimulia mtu.

Nilipigana na mtoto wa meja. Tulikuwa tunacheza pamoja kila siku, cheo hatukukijua, ingawa kota za maofisa zilikuwa ng'ambo ya barabara na zina bustani. Nilimpasua mdomo. Jioni baba akavaa sare kamili, akapiga pasi upya, akapiga kiwi, akanishika mkono. Tulipofika kwa meja baba akakakamaa na kupiga saluti. Yule meja alikuwa mdogo kwake, umri wa baba yangu mdogo. Hakuwa mtu mbaya, alisema, "Sajenti, hawa ni watoto, yaishe," akatuletea na juisi. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Baba yangu, ambaye nyumbani akikohoa tu tunanyamaza, amesimama wima mbele ya mtu aliyevaa bukta.

Njiani hakunigombeza. Aliniambia, "Ile nimeipigia ngazi, sikumpigia yeye." Sikuelewa. Nimeelewa nikiwa mtu mzima na nimeajiriwa.

Binti Koplo

Shikamooni kaka na dada zangu. Mimi ni wa juzi, nilikuwa darasa la sita mwaka 2013. Baba alikuwa Darfur na kikosi cha kulinda amani.

Ilikuwa Ramadhani changa. Julai 13, Jumamosi, askari wetu 7 waliuawa kule. Habari zilipofika kota hazikupigiwa kelele. Niliona tu akina mama wanatoka mmoja mmoja na simu mkononi, wanakaa barazani kwetu, hakuna anayeuliza kitu. Futari iliiva ikapoa. Majina hayakuwa yametajwa. Mama alikuwa anapiga pasi kanzu ya baba, anaimaliza, anaikunja, anaikunjua, anaanza tena.

Usiku baba akapiga. Alisema, "Mimi mzima," simu ikakatika. Mama hakushangilia wala hakupiga kigelegele. Alikaa palepale, kwa sababu mama wa jirani alikuwa bado hajapigiwa. Walikaa pamoja mpaka daku, na asubuhi mume wa yule naye akapiga. Ndipo mama alipolia, siku iliyofuata, wakati habari zetu zote zilikuwa njema.

Wale 7 nao walikuwa na kota zao. Kila Ramadhani nawaombea.

Mtoto wa Kota

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma yako nimesimama kwanza nje, nimerudi. Mungu awarehemu.

Chumbageni, asante kwa kuisema.

Sasa nimalizie yangu. Baba alistaafu 1993, mimi nina miaka kumi na minne. Kustaafu kwa askari ni pamoja na nyumba. Tarehe ikifika unakabidhi funguo, na mwenzako mwenye familia changa anaingia. Ni haki, nyumba hazikuwa zetu. Lakini hakuna aliyetuandaa watoto. Nilikuwa nimechora urefu wangu kwenye fremu ya mlango wa jikoni kila mwaka kwa mkaa. Siku ya kuhama mama aliisugua ile fremu kwa majivu mpaka ikawa nyeupe, kwa sababu nyumba hukabidhiwa safi. Sikumsamehe kwa muda mrefu.

Tukaenda kijijini kwa baba, Songea. Kingoni sijui. Wenzangu wakaniita Mswahili wa pwani. Likizo nikirudi Muheza kwa wajomba naitwa Mngoni. Shuleni nikijaza fomu, pale penye "kijiji" namwangalia mwenzangu anaandika nini. Ndiyo maana yule mama wa daladala alinishinda.

Wiki iliyopita nilipita mbele ya geti letu. Mwembe upo. Bomba lile la mbele ya mstari wa kwanza limeng'olewa. Kijana wa lindo akaniuliza kwa heshima, "Mzee, unamtafuta nani?" Nikamwambia napita tu.

Dada wa Mstari wa Pili

Subiri kidogo kaka. Mwembe na bomba mbele ya mstari wa kwanza?

Nyumba yenu ilikuwa ya tatu kutoka bombani? Mlikuwa na mtungi mkubwa mlangoni, umefungwa waya shingoni?

Mtoto wa Kota

Ndiyo. Waya aliufunga baba.

Dada wa Mstari wa Pili

Basi wewe ni mtoto wa mama Muheza. Yule niliyemsema hapo juu, wa samaki wa nazi. Mama yangu bado anamtaja. Yu hai?

Mtoto wa Kota

Yu hai. Macho tu ndiyo hayaoni vizuri. Yuko kwangu hapa Sahare.

Dada wa Mstari wa Pili

Niandikie pembeni. Jumapili namleta mama.