Kuni za bure za kupashia nyumba joto: tupeane uzoefu

Gogo Kavu (Maine)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenzetu walioko kwenye baridi ya kweli: Maine, Vermont, Minnesota, Ontario. Wa Makete na Kinangop nao wasikae kando. Kila baada ya dhoruba miti inalala chini na watu wanaipita wakienda kununua mafuta ya kupashia nyumba. Anayejua kuzitafuta kuni, kuzibeba, kuzichanja na kuzikausha aseme. Hadithi za maisha tuziache, tutoe vipimo, zana, na kinachoharibika na kwa nini.

Naanza na kipimo. Huku kuni hupimwa kwa kordi: rundo lililopangwa vizuri, urefu futi 8, upana 4, kimo 4, yaani kama mita za ujazo 3.6. Kuna wanaohesabu safu moja tu ya mbele yenye vipande vya inchi 16 (sentimita 40). Hiyo ni theluthi ya kordi, msidanganyike. Kordi ya mwaloni mbichi ina uzito wa karibu kilo 2,200, na ikikauka inabaki na kama 1,600. Hizo kilo 600 zilizopungua ni maji. Zisipotoka uani kwa jua na upepo, zitatoka ndani ya jiko, na moto wako ndio utakaozichemsha badala ya kukupa joto. Kwa hiyo anayeanza kutafuta kuni Oktoba ajue anatafuta za mwaka ujao.

Shoka la Babu (Vermont)

Mkuu umefungua vizuri. Mimi niseme zinapopatikana.

Chanzo cha kwanza ni kampuni za kukata miti mijini. Wao kutupa magogo ni gharama: ni safari, ni mafuta, na mara nyingine ni ada ya jalala. Wapigie simu asubuhi na mapema au usiku uliotangulia, uwaambie mambo manne: mtaa ulipo, kwamba lori linaweza kuingia na kuinua bodi bila kugusa nyaya, aina ya miti unayokubali, na kwamba hutalalamika wakimwaga saa ambayo haupo. Usiwaombe wakukatie vipande vya inchi 16, hawatakuja. Pokea magogo marefu, hata ya mita 3, ukate mwenyewe. Ukichagua sana, namba yako inafutwa.

Chanzo cha pili ni mafundi wanaosafisha njia za nyaya za umeme. Hukata na kuacha magogo pembeni. Hapo angalia: bure si maana yake haina mwenyewe. Gogo lililoko kwenye ardhi ya mtu ni la mwenye ardhi, hata kama limelala kando ya barabara. Gonga mlango, uliza. Wengi hufurahi likiondolewa.

Cha tatu ni misitu ya taifa ya Marekani. Kuna kibali cha kuni za matumizi ya nyumbani. Penye ada huwa ni dola chache kwa kordi. Kibali kinataja sehemu, aina ya mti (kwa kawaida uliokufa na kuanguka), na lebo za kufunga kwenye mzigo kabla gari halijaondoka. Kuni hizo haziuzwi. Misitu ya magharibi wakati wa ukame huwa wanadai chenso (msumeno wa injini) iwe na wavu wa kuzuia cheche kwenye ekzosi, na uwe na sepetu na kizimamoto mkononi. Siku za hatari ya moto wanafunga ukataji kabisa, piga simu kwanza.

Nuru_wa_Lewiston

Na mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, je? Nyuma ya maduka yamejaa.

Shoka la Babu (Vermont)

Dada Nuru, tafuta muhuri uliochomwa kwenye mbao, wenye alama ya suke la ngano. Ukiona HT, mbao ilipikwa kwa joto tu, hiyo inachomeka. Ukiona MB, ilifukizwa kwa methili bromidi, iache. Isiyo na muhuri au yenye madoa ya mafuta na rangi, iache pia. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, zile za kijani-kijani za varanda na uzio, ndizo mbaya kuliko zote: nyingi za kabla ya 2004 zina aseniki, na sumu hiyo inabaki kwenye majivu. Hata zile nzuri, paleti ni ya kuwashia. Ni kavu mno, ukijaza jiko zitawaka zote kwa pamoja na bomba litakuwa jekundu.

Tela na Springi (Minnesota)

Kubeba ndiko magari yanakofia. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko kwenye fremu: kimeandikwa uzito wote ambao gari linaruhusiwa kubeba, na humo wamo dereva na abiria. Pikapu nyingi za kawaida zinaishia kama kilo 700. Sasa piga hesabu. Bodi ya futi 6.5 ikipangwa mwaloni mbichi hadi ukingoni inaingia karibu nusu kordi, yaani zaidi ya kilo 1,000. Gari litaondoka, ndiyo. Litakosa breki kwenye mteremko, taa za mbele zitaangalia mawinguni, na springi hazitarudi zilivyokuwa. Mwaloni mbichi uishie nusu ya kimo cha bodi. Msonobari mkavu unaweza kujaza.

Tela: asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye ndoano. Watu hupakia nyuma kwa sababu ndiko mlango ulipo, kisha wakifika kilomita 80 kwa saa tela linaanza kuyumba kama mkia. Likianza, usikanyage breki za gari na usiongeze mwendo. Ondoa mguu taratibu, shika usukani ulionyooka. Tairi za tela uzipime upepo zikiwa baridi, na mzigo uufunge kwa wavu, maana kipande kimoja kikidondoka barabarani ni kesi.

Kwenye matope au theluji usiingize gari hadi kwenye gogo. Litoe gogo kwa mnyororo au kwa sledi ya plastiki ya kuvutia mizigo. Kata vipande huko huko. Vya inchi 16 mtu anavibeba, gogo la mita 2 linavunja mgongo.

Gogo Kavu (Maine)

Nyongeza muhimu sana kuhusu umbali. Kuna mdudu wa kijani anayeua miti ya eshi, aligunduliwa Michigan karibu na Detroit mwaka 2002, na ameshaua miti kwa mamilioni. Mwenyewe haruki mbali. Kinachomsafirisha ni sisi na kuni zetu, kwa sababu funza wake wamo chini ya gamba. Chubua gamba uone vijia vilivyopinda-pinda kama nyoka, na nje matundu madogo yenye umbo la herufi D. New York inakataza kusafirisha kuni zisizopikwa (kwa joto la kuua wadudu) zaidi ya maili 50. Maine hairuhusu kabisa kuni zisizopikwa kutoka nje ya jimbo. Kanuni nzuri ni kuchoma ndani ya maili 10 kutoka ulipookota.

Na eshi iliyokufa imesimama, usiiangushe mwenyewe. Inakauka hadi inakuwa kama kioo: ukiigusa, matawi ya juu yanakatika na kushuka bila onyo. Iachie mafundi, subiri magogo.

Tupa ya Duara (Ontario)

Niongelee chenso. Ya ubapa (chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka) wa inchi 16 au 18 inatosha kwa kuni za nyumba. Mafuta mchanganyiko ya 50 kwa 1 ni mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, na usiweke petroli iliyokaa zaidi ya miezi michache, ndiyo inayoziba kabureta.

Mnyororo ukiwa mkali unatema vipande kama nafaka. Ukianza kutoa unga laini, au chenso ikavuta upande mmoja, simama unoe. Unene wa tupa hutegemea saizi ya mnyororo, inayoandikwa kwa inchi: ule mwembamba wa 3/8 wa chenso ndogo ni milimita 4.0, wa 0.325 ni 4.8, wa 3/8 wa kawaida ni 5.5. Piga kila jino idadi ileile, kuelekea nje tu, na unoe kila unapojaza tangi upya. Ukigusa udongo au msumari mara moja tu, kazi imeharibika. Ndiyo maana magogo ya uani kwa watu, yaliyowahi kufungiwa kamba za nguo na mabango, yakaguliwe kwanza.

Ajali nyingi hutoka kwenye ncha ya ubapa. Robo ya juu ya ncha ikigusa kitu, chenso inaruka kuja usoni. Na gogo lililolala juu ya mawe mawili lina upande uliobanwa na upande uliovutwa. Likiegemea ncha zote mbili, juu pamebanwa, chini pamevutwa: kata juu theluthi moja, kisha malizia kutoka chini. Ncha moja ikining'inia hewani ni kinyume chake: anza chini theluthi moja, malizia juu. Ukikosea mpangilio, ubapa unabanwa kama kwenye jiriwa. Mti ulioanguka na mizizi yake, usisimame nyuma ya shina: ukikata, kisiki hurudi shimoni kwa kishindo.

Kofia ngumu yenye wavu wa uso, vizibo vya masikio, suruali ya kukinga mnyororo, buti za chuma puani. Na usiende peke yako.

Nuru_wa_Lewiston

Kuchanja? Nina shoka zito la ratili 8 ila mti wa mepo (maple) unanishinda.

Shoka la Babu (Vermont)

Usipige katikati. Kipande kikubwa kipunguze pembezoni, banzi moja moja ukizunguka, moyo ubaki mwisho. Soma nyufa zilizopo usoni, piga juu ya ufa. Kipande weka ndani ya tairi kuukuu juu ya gogo la kuchanjia: vipande havitawanyiki, na huinami kila pigo. Chenye fundo, geuza upande usio na fundo au tumia kabari mbili. Siku za baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri maji yaliyomo yanaganda na mepo unapasuka kwa pigo moja, kwa hiyo vipande sugu viweke hadi Januari.

Panga juu ya paleti, si udongoni, mbali na ukuta wa nyumba kwa ajili ya mchwa na panya. Funika juu tu. Anayefunika hadi chini kwa turubai anafuga ukungu. Msonobari na eshi vikichanjwa mapema masika vinaweza kufaa msimu huo huo. Mwaloni ni miaka miwili, hakuna njia ya mkato.

Tela na Springi (Minnesota)

Kukauka hakupimwi kwa macho. Kipima unyevu ni dola 20 au 30. Pasua kipande upya, chomeka pini kwenye uso mpya wa ndani, si mwishoni palipopasuka-pasuka. Chini ya asilimia 20 ni sawa.

Mabanzi Makete

Huku kwetu Juni na Julai barafu inalala majanini. Mabanzi ya misindano kwenye mashine za mbao yanapatikana, ila yana utomvu, yanawaka haraka na kuacha masizi: ya kuwashia hayo. Moto wa kukaa ni wa miwati. Mkaratusi uchanje ukiwa mbichi. Ukikauka nyuzi zimesukana, shoka linarudi. Ukiingia msitu wa serikali, pata kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Na jiko la mkaa lisilale chumbani, hata likiwa halitoi moshi. Mkaa mwekundu unatoa kaboni monoksidi isiyo na harufu.

Nuru_wa_Lewiston

Asanteni. Kuna mtambaa wenye manyoya umezunguka magogo niliyopewa, nitoe au nichome nao?

Gogo Kavu (Maine)

Usichome! Huo mtambaa wenye manyoya kama kamba chakavu ni poison ivy, una mafuta yanayochoma ngozi, na moshi wake unaunguza mapafu. Hata ukiwa mkavu. Vaa glavu ndefu, ukate kwa msumeno wa mkono, utie kwenye mfuko, nguo uzifue peke yake. Kama mtambaa umeng'ang'ania sana gamba, acha gogo hilo.

Na kabla ya kuwasha: kama umepanga nyumba, mwenye nyumba na kampuni ya bima wajue kuna jiko. Dohani ikaguliwe kila mwaka. Masizi yakifika milimita 3 piga brashi, hayo ndiyo yanayoshika moto ndani ya bomba. Majivu tia kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, juu ya simenti, si kwenye varanda ya mbao. Kaa linaweza kuishi humo siku kadhaa.